Kikao cha unga

Januari 2017, ukiingia soko la Majengo pale Dodoma, habari ilikuwa moja tu: unga umepanda. Mvua za msimu zilikuwa zimechelewa, mahindi yalikuwa ghali karibu nchi nzima, na sisi wa mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa tumeshamaliza bumu la kwanza, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, huku la pili likiwa bado. Posho ya chakula na malazi kwa wenye mkopo wakati ule ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Ilikuja kwa mkupuo, 510,000 za siku 60, na kwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kushika hata laki moja yake mwenyewe, hela hiyo huonekana haina mwisho. Mwisho ulikuja kabla ya Krismasi.

Hosteli yetu ilijengwa kwa mtindo wa vyumba viwili vinavyotazamana, korido fupi katikati, choo na bafu mwishoni, na mlango mmoja wa kutokea nje. Kila chumba kilikuwa na vitanda viwili vya deka, kwa hiyo kwenye orodha ya wadeni, yaani wasimamizi wa hosteli, tulikuwa wanane. Wenyewe tulipaita nyumbani. Sheria ilikataza kupika, lakini chini ya kitanda cha mwenzetu wa Rombo kulikuwa na jiko la umeme la koili moja, na kila mtu alikuwa na ndoo yake ndogo ya unga yenye mfuniko, imeandikwa jina kwa kalamu ya maka.

Mkubwa wetu alikuwa Mwalimu. Ndivyo tulivyomwita wote, na asubuhi hakuna aliyempita koridoni bila kumwamkia shikamoo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Mgogo wa Kongwa, upande wa Kibaigwa kwenye lile soko kubwa la nafaka. Alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, akajiendeleza hadi stashahada, na sasa alikuja kutafuta digrii akiwa ameacha watoto wawili kwa mama yake. Vyuo vya Dodoma vina walimu wengi wa namna hiyo. Wanakaa mbele darasani, wanaandika kila kitu, na usiku wanapiga simu nyumbani kuuliza kama mtoto amefanya kazi za shule.

Na kulikuwa na wa tisa. Huyu alitoka Manyoni. Alipata nafasi ya chuo lakini mkopo akakosa, na baba yake aliuza ng'ombe ili kulipa sehemu ya ada. Ya kitanda haikupatikana. Kupanga mtaani nako kulikuwa kugumu, kwa sababu tangu Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma, wenye nyumba tuliowauliza walikuwa wameanza kutaja bei za kutisha. Basi akabebwa. Rafiki yake waliyesoma naye sekondari alimpokea kwenye deka ya juu, wakawa wanalala mzungu wa nne. Kila tuliposikia wadeni wanapita kukagua, yeye alichukua madaftari akashuka ngazi kana kwamba anakwenda maktaba.

Alikuwa mkimya kuliko sote. Tukianza kupika alikumbuka ghafla kwamba ana kipindi cha majadiliano, hata Jumamosi usiku. Akirudi tumeshaosha vyombo. Rafiki yake alimwachia tonge na mboga kwenye kibakuli kilichofunikwa, lakini rafiki mwenyewe alikuwa anapima unga kama sisi.

Kisha unga ukaanza kupungua. Wa kwanza kulalamika alikuwa mwenzetu wa Tanga, msichana msafi sana, mwenye mpangilio, ambaye vitu vyake vyote vilikuwa na mahali pake. Jioni moja alisawazisha unga ndani ya ndoo yake, akachora msalaba juu yake kwa kidole, akafunika. Kesho yake alituita kuangalia. Msalaba haukuwapo. Unga ulikuwa umesawazishwa upya, vizuri kabisa, na pembeni mwa ndoo ilibaki alama ya kiganja, nyembamba, ya mtu aliyepapasa taratibu asiache shimo. Tulisimama pale tukitazama kile kiganja, na nadhani kila mmoja wetu alikuwa na jina moja kichwani. Binti wa Manyoni alikuwa amesimama mlangoni.

Mwalimu alikuwa bafuni akifua. Alisikia yote. Alitoka na mikono yenye povu, akasema, "Leo saa mbili usiku tuna kikao. Wote."

Tulikaa juu ya vitanda vya chini na juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mimi niliteuliwa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Mwalimu akaniambia niandike mahudhurio kwanza: watu tisa.

"Mwalimu, tuko wanane," akasema wa Rombo, bila ubaya, kwa jinsi orodha ya wadeni ilivyo.

"Mimi nimehesabu tisa. Katibu, andika tisa."

Nikaandika tisa. Daftari lile ninalo, na ukurasa ule nimewahi kuwaonyesha watu wengi zaidi kuliko cheti changu.

Wa Tanga alinyoosha mkono. Alitaka mtu atajwe. Alisema hakuwa na shida ya kumpa unga aliyeomba, ila kuibiwa hapana, na mtu anayeiba unga kesho ataiba simu. Wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Kusema kweli hoja yake ilikuwa na uzito, na Mwalimu hakuidharau. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika yote kama yalivyotoka:

"Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza miaka mingi. Chapati ya mtoto ikipotea darasani, siulizi nani kaichukua. Nauliza nani hakunywa chai asubuhi. Mwizi tukimtafuta humu tutampata, tuko tisa tu. Tukishampata, tutalala naye wapi?"

Kukawa kimya. Halafu akasimama, akaenda kuchukua ndoo yake, unga wa Kibaigwa, uliojaa kuliko wa mtu yeyote mle ndani, akaumimina kwenye beseni jipya la kufulia. Akasema kuanzia usiku ule unga ni mmoja. Kila mwenye kitu atakileta, asiye nacho atakula, na wa kupima vikombe ni yeye. Mimi nilileta wangu pamoja na dagaa niliotoka nao Bukoba. Rombo akaleta. Wa Tanga alibaki amekaa kwa muda, kisha akamimina wake bila kusema neno.

Hapo ndipo binti wa Manyoni alipozungumza kwa mara ya kwanza. Alisema yeye hana unga, ila maji atachota yeye. Yote, kila siku. Maji yalikuwa ya mgao na bomba lilikuwa chini, sisi tukiwa ghorofa ya pili, kwa hiyo kazi aliyojitolea ilikuwa kubeba madumu ya lita ishirini ngazi hadi ngazi kwa watu tisa. Niliona nyuso zikilegea. Wengi wetu tulifikiri limekwisha, deni limepata malipo yake.

Mwalimu alikataa. "Hapa hakuna dada wa kazi," alisema. "Maji ni zamu. Kupika ni zamu. Choo ni zamu. Zamu yako ikifika utachota, na ikiwa ya mwenzako utakaa usome, kwa sababu ndicho baba yako alichouzia ng'ombe."

Rafiki yake wa deka ya juu ndiye aliyelia. Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa tu, akawa anakunja na kukunjua upindo wa kanga.

Nimeishi na watu wengi baada ya hapo, hosteli na kwenye nyumba za kupanga, na nimeona misaada ya kila aina. Uliokataa maji ya binti yule naamini ndio mkubwa kuliko ule wa unga. Kumlisha mtu halafu ukamwachia madumu yako ni jambo jepesi kabisa kutokea, na hata mwenyewe anayelishwa huona ni haki. Mwalimu aliliona likija, akalizuia mbele yetu sote, usiku uleule, kabla halijawa mazoea.

Tulipika kwa awamu mbili kwa kuwa sufuria kubwa hatukuwa nayo. Mboga ilikuwa mlenda wa Mwalimu, ule mkavu wa Kigogo, umepikwa na karanga. Kwa mtu wa ndizi kama mimi ulinichukua muda kuuzoea, lakini usiku ule nililamba vidole.

Nani alichota unga wa Tanga, halikuzungumzwa tena. Bumu la pili lilipotoka, kuna waliotaka kila mtu arudishe ndoo yake, na aliyepinga kwa sauti ya juu kuliko wote alikuwa wa Tanga. Alisema hesabu ya pamoja ni nafuu. Akachukua daftari langu, akaanza kuandika yeye matumizi, senti kwa senti, kwa mpangilio wake uleule.

Binti wa Manyoni hakupata mkopo mwaka ule. Rufaa haikumsaidia, na ng'ombe wengine waliuzwa. Mwaka wa pili alipata. Siku bumu lake la kwanza lilipoingia alikodi bodaboda kutoka Sabasaba, akaja na kiroba cha kilo 25, akakitua katikati ya korido akihema. Mwalimu akakifungua, akapima kilo tano, ambazo ndizo kila mmoja wetu alizokuwa anatoa, akaufunga mdomo wa kiroba kwa kamba na kumrudishia. Kesho yake kilipanda basi la Singida kwenda kwa mama yake.