Mlakasa wa Kigamboni: Jumamosi ya tatu

Nilidhani kujua mlakasa wa Kigamboni ni wa aina ipi ni kazi ya asubuhi moja. Mlakasa, ule mmea unaotambaa mchangani juu ya alama ya bamvua, una nususpishi mbili, yaani aina mbili ndani ya spishi moja. Pes-caprae ni ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi, pande za India na Sri Lanka. Jani lake limechanika ndani kabisa, mithili ya ukwato wa mbuzi. Brasiliensis imeenea fukwe za joto dunia nzima, za kwetu zikiwemo, na jani lake ni pana, lina kijimkato kifupi tu kwenye ncha. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 aliiandika kama mimea miwili mbalimbali. Mwaka 1940 ndipo mtaalamu wa mimea van Ooststroom alipoifanya brasiliensis kuwa nususpishi. Basi nikachukua rula, nikaenda.

Jumamosi ya kwanza niliharibu. Nilichuma majani matatu matatu huku na kule, nikayabana ndani ya magazeti chini ya tofali. Jani la mlakasa hupenda kujikunja katikati, kama kitabu kilichofungwa. Yalipokauka nikayafungua kwa nguvu, yakachanika palepale penye mkato! Kwa nusu saa nzima niliamini nimeipata pes-caprae Kigamboni.

Sasa nafanya hivi: nachagua shina moja, nalifuata kuanzia kichomozo, yaani ncha inayokua, hadi jani kongwe, napima majani yakiwa bado mabichi. Urefu wa jani kwanza, kisha kina cha mkato. Leo shina moja lilinipa jani lisilo na mkato wowote karibu na kichomozo, na hatua mbili nyuma jani lenye mkato wa kuonekana kabisa. Mzizi mmoja, sura mbili. Anayetuma picha ya jani moja na kutaka jina, mimi simjibu tena.

Rafiki yangu baharia alinipigia picha meli yao ilipokuwa Kochi, India. Pale hata rula haihitajiki; pande mbili za jani zimeachana hadi unadhani ni majani mawili. Kwangu, yote niliyopima hadi leo ni brasiliensis.

Nisisahau: siku ile ya kwanza nilipima pia majani ya mmea mwingine wenye maua yanayokaribia rangi ileile. Ulikuwa jamii ya maharage, Canavalia, majani matatu kwenye kikonyo kimoja. Aibu yangu.

Mbegu nne nilizozikwaruza kwa msasa, maana ganda lake ni gumu, nimezipanda kwenye kopo la maziwa lenye mchanga. Mbili zimeota. Majani ya mbegu, yale ya kwanza ya mche, yamegawanyika ndani sana, ukwato wa mbuzi kabisa, na mama yao ni brasiliensis niliyempima mwenyewe. Mke wangu kauliza kama ni mchicha.