Vikundi vya mazungumzo kuhusu ubaguzi wa rangi: tulichokiona kinafanya kazi

Mwaka 1992, baada ya mahakama kuwaachia huru polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani mweusi, huko Los Angeles, mji wa Lima, Ohio, ulianzisha vikundi vya mazungumzo vilivyoandaliwa na ofisi ya meya, chuo kikuu na viongozi wa dini. Muungano huo una maana kubwa, kwa sababu kila upande una watu ambao mwingine hawafikii.

Kikundi kiwe na watu 8 hadi 12 wa rangi mchanganyiko, kikutane mara 4 hadi 6, saa 2 kila kikao, kikiongozwa na wawezeshaji wawili wa rangi tofauti. Kikao cha kwanza ni cha kila mtu kueleza ubaguzi ulivyomgusa. Mkianza na sera, wasemaji hodari watateka mjadala na walioumizwa watanyamaza. Na tafadhali, msimwachie mtu mweusi mmoja kazi ya kuwafundisha wengine wote, atachoka, hatarudi. Wekeni chakula, mtu wa kuangalia watoto, na mkalimani kama kuna Wakongo wanaozungumza Kiswahili.

Vikundi vingi hufa hapa: watu wanaongea vizuri, wanakumbatiana, basi. Kikao cha mwisho lazima kitoe hoja mbili tatu, kila moja na mhusika na tarehe, zipelekwe baraza la mji. Mabaraza mengi ya Marekani humpa mwananchi dakika chache za kusema, mara nyingi 3, na hata mkimbizi anaweza kuzitumia. Ila asiye raia asijiandikishe kupiga kura: anaweza kuharibu kesi yake ya uhamiaji.