Bahasha juu ya msahafu

Bibi yangu hakuwahi kugusa msahafu bila udhu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililomponza usiku wa Ijumaa, Machi 1, 2013, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya jirani yetu, mtaa wa Langoni, hapa Lamu.

Uchaguzi ulikuwa Jumatatu yake, Machi 4, wa kwanza chini ya katiba mpya, kura sita kwa siku moja. Mfunguo sita, mwezi aliozaliwa Mtume, mwaka ule uliangukia Januari na siku za mwanzo za Februari, kwa hivyo Maulidi ya msikiti wa Riyadha na kampeni zilikutana. Mgombea ninayemkusudia, jina na kiti sitaji, hakukosa mahali. Kwenye Maulidi alivaa kanzu mpya yenye alama za mikunjo ya dukani, tasbihi mkononi, akiyumba na matari. Ijumaa alikuwa safu ya mbele. Wazee wakasema huyu ana dini. Bibi naye alisema hivyo hivyo, na simlaumu. Kwetu mtu huangaliwa sala yake kwanza.

Nilikuwa na miaka 16. Baada ya isha nilimsindikiza bibi, maana vichochoro vilikuwa giza na macho yake yalikwisha ingia ukungu. Tulikuta kina mama kama 20 wameketi mikekani. Mgombea alikuwa kwenye kiti, wakala wake amesimama kando ya meza ndogo. Mambo yalikwenda upesi: unaweka mkono juu ya msahafu, unasema wallahi, billahi, tallahi kura yangu ni yako, unapokea bahasha yenye shilingi 500, unampisha mwenzio.

Zamu ya bibi ilipofika akasema, "Ningojani kidogo, sina udhu." Akamuuliza mwenye nyumba birika liko wapi.

Mgombea akatazama saa. "Gusa tu, mama, hapana neno. Tuna nyumba nyingine tatu usiku huu."

Bibi akenda zake chooni. Tulisikia kata ikigonga ukingo wa birika na maji yakimwagika, polepole, kiungo kwa kiungo, mara tatu tatu, na kiwanda kizima kimenyamaza kikimngoja. Aliporudi, maji yakimchirizika viwikoni, akasimama ghafla mbele ya meza. Nikafuata alikokuwa akitazama. Msahafu ulikuwa pale, na juu yake limewekwa furushi la bahasha. Mgombea alikuwa amelegeza kiwiko juu ya furushi hilo, anasoma simu yake.

Chuoni, kwenye madrasa, tulichapwa kwa kuweka hata kalamu juu ya msahafu. Ukishakua hufikiri tena, mkono wenyewe unakataa. Yule bwana mkono wake haukukataa, na hakuwa akimficha mtu, wala hakujua kama kuna cha kuficha.

Bibi akaziondoa bahasha kwa mikono miwili, akazitia mezani, akalifuta jalada kwa pindo la leso yake. Kisha akaapa. Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini hakugeuka akatoka. Watu walikuwa wanamtazama, mwenye nyumba ni jirani wa miaka na miaka, na aibu kwetu ni kitu kizito. Akaapa kwa sauti ndogo, akapokea bahasha, akaifunga kwenye pindo.

Hakusema neno mpaka tulipofika dakani kwetu. "Amenifunga kwa kamba ambayo yeye mwenyewe haimshiki," akasema. Usiku ule hakulala. Nilimsikia akivuta uradi mpaka alfajiri.

Asubuhi alinichukua tukaenda kwa Maalim. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsomea Sura An-Nahl, aya ya 94, inayokataza kufanya viapo kuwa njia ya kudanganyana. Akamkumbusha hadithi kwamba aliyeapa kisha akaona jambo jingine ni bora, na alitende lililo bora, atoe kafara. "Kura mpe umuonaye anafaa, Bi mkubwa. Kafara ni Al-Maida, aya ya 89, maskini 10. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kibaba kimoja cha chakula kwa kila mmoja. Na pesa ile isilale nyumbani kwako. Mtoaji rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa."

Mimi ndiye niliyezirudisha zile shilingi 500. Wakala alicheka, akazitia mfuko wa shati lake. "Mwambie bibi yako Mungu hana kadi ya kura."

Sikumpelekea bibi salamu ile.

Hasira yangu haikuwa kwamba mgombea hana imani. Kifungu cha 8 cha katiba yetu kinasema hakutakuwa na dini ya serikali, na angekuja mikono mitupu tungemuuliza habari za maji na hati za mashamba, basi. Linaloniuma ni kwamba alijua vyema imani ya bibi yangu ni ya kweli. Ndiyo maana akaitegemea. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipokataa fedha alizotoa Rais William Ruto kwenye kanisa Katoliki la Soweto, nilimkumbuka bibi na pindo lake la leso, ingawa yeye alikuwa akirudisha 500 tu.

Jumatatu alipiga kura yake. Jumanne akanunua mchele kwa pesa yake ya kuuza mabuyu, akaupima kibaba kibaba kwenye mifuko ya plastiki, ambayo wakati huo ilikuwa haijapigwa marufuku, akaongeza nazi moja kila mfuko. Nikavizungusha mitaani.

Mfuko wa mwisho ulikuwa wa ajuza aliyekuwa ameketi ubavuni mwa bibi usiku ule. Akaupokea, akaupima uzito kwa mkono.

"Sadaka ya nini, mwanangu?"

"Kafara ya kiapo, bibi."

Akanyamaza kitambo kirefu. "Mimi nilimpa kura," akasema. "Sikumtaka. Lakini nilishika msahafu."