Swali la Mama kwenye Insha Yangu

Muhula huu tulipewa insha ya kujenga hoja: je, mji uendelee kutia floraidi, madini ya kulinda meno yasioze, kwenye maji ya bomba? Nasoma Grand Rapids, Michigan, mji wa kwanza duniani kufanya hivyo, Januari 1945. Wenzangu waliona swali jepesi. Mimi nimekulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na nikicheka tu Mtanzania mwenzangu anajua nilikotoka. Ni yale meno ya kahawia, yanayoletwa na floraidi iliyozidi kwenye maji ya kwetu, ambayo tukifika Dar tunataniwa nayo, "meno ya Arusha".

Utangulizi wangu wa kwanza ulianza hivi: "Tangu enzi na enzi, maji ni uhai." Najua, msinicheke. Sekondari ndivyo tulivyozoea, unaanzia mbali kisha unasogea. Mwalimu alikata sentensi zote nne, akaandika pembeni: nani anabisha? Kweli, hakuna.

Wa pili nikaingia na meno yangu. Nikasimulia nilivyokuwa nikiziba mdomo kwa kiganja kila tulipopigwa picha ya darasa, nikamalizia kwamba floraidi isitiwe kabisa. Niliposoma, darasa likawa kimya. Dada mmoja akasema umemgusa. Nilitembea kifua mbele siku mbili. Siku ya tatu nikakaa na namba. Mwaka 2015 Marekani ilipendekeza miligramu 0.7 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa 1.5. Kwetu kuna vijito vinavyopita 10. Kumbe nilikuwa namtisha msomaji kwa kipimo ambacho hakimo kwenye glasi yake! Nikafuta aya nzima. Iliniuma, maana ndiyo aya nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika kwa Kiingereza.

Jumapili nikapiga simu nyumbani. Mama alikuwa anakinga maji kwenye ile ndoo ya mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa, ambayo hunasa floraidi maji yakipita. Nikamweleza kazi niliyopewa. Akanyamaza kidogo.

"Yaani hao wanalipa hela kutia kitu ambacho sisi tunahangaika kukitoa?"

Nikamwambia nitampigia baadaye.

Swali lake likawa sentensi ya kwanza, kama alivyolisema. Ya pili ikajibu kwamba kitu ni kilekile, kinachotofautiana ni kipimo: kidogo hulinda jino lisioze, kikizidi kwa mtoto ambaye meno yanajijenga, yanatoka na madoa. Ya tatu nikawaachia wanaopinga, kwa sababu wana neno: hata kipimo kikiwa salama, mwenye bomba hakuulizwa. Ya nne ndiyo msimamo wangu: mji uendelee, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawamudu daktari wa meno, lakini kipimo kiandikwe kwenye kila bili ya maji.

Basi. Sentensi nne, na kila aya iliyofuata ilikuwa na pa kushikia. Ile ya wapinzani ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Niliiandika mara sita, kila mara naikuta imejaa kejeli.

Mama aliposikia ameingia kwenye insha ya chuo aliuliza kama nimeandika jina lake. Nikasema nimeandika "mama yangu". Akaguna, akarudi kwenye ndoo yake.