Vaselini usiku, magnezi mchana

Ekzema, ule ugonjwa wa ngozi unaowasha, imerudi. Imeanzia pembeni mwa vidole kama kawaida yake: vipele vidogo vya maji chini ya ngozi, vinavyowasha zaidi ninapolala. Baadaye vitakauka, ngozi ibambuke, halafu ipasuke pale kidole kinapojikunja. Hapo kupanda miamba kunageuka adhabu.

Sisi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tunapanda lava, yaani mwamba uliotoka volkano ukiwa umeyeyuka. Ilipokuwa ikipoa, gesi ilitoka na kuacha matundu yenye kingo kali, kwa hiyo jiwe letu linakwangua kama msasa. Mshiko ni mzuri mno, hata viatu vilivyochakaa vinanata, ila anayelipa ni ngozi. Juu yake tunapaka magnezi, ule unga mweupe wa kukausha jasho. Unakausha jasho, na unyevu wa ngozi unakwenda nao. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH karibu 5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu unapungua). Magnezi iko upande wa pili, sabuni vilevile, na maji ya Ziwa Kivu tunayonawia yana pH karibu 9. Mkono mmoja, maadui watatu.

Tena huu ni mji wa kunawa. Ebola ilipofika Goma Julai 2019, kila mlango uliwekewa ndoo yenye bomba na maji ya javeli, yaani ya klorini. Ikaja Korona, ndoo zikabaki. Silalamiki, bora kunawa kuliko kuzika. Lakini viganja vyangu vilikuwa vyekundu miezi mizima.

Mwaka 2024 ikaja mpox, ugonjwa wa virusi unaoambukiza kwa kugusana, ambao nao hutoa vipele viganjani. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, aliona vidole vyangu akakataa kupokea pesa mkononi, akanionyesha niiweke kwenye kiti. Nikamwambia, "Ndugu, hii ni ekzema, haiambukizi." Akacheka: "Bote banasema vile." Sikumlaumu. Angejuaje, yeye anayebeba watu kutwa nzima?

Daktari aliniandikia pomadi ya kotizoni, dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka: kupaka safu nyembamba, kwa muda mfupi, kisha kuacha. Inasaidia kweli. Tatizo ni kwamba ndugu yake mkali, klobetasoli, inauzwa sokoni kwa ajili ya kung'arisha uso, bila karatasi wala swali. Mama mdogo aliniletea tyubu yake. "Mwanangu, hii inamaliza kila kitu." Inamaliza, na ngozi yenyewe ikiwemo: ukiipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, na mpandaji mwenye ngozi nyembamba vidoleni hana anachoshikia. Nilimshukuru, nikaiweka kabatini. Yeye anaipaka usoni kila asubuhi. Mazungumzo hayo sijayaanza. Ni mkubwa wangu, na sijui niingilie mlango gani.

Kinachonisaidia hakina ujanja. Nikishuka ukutani naondoa magnezi palepale kwa maji ya bidoni (dumu), si saa mbili baadaye nikiwa nyumbani. Najifuta kwa kubonyeza kitambaa, bila kusugua, kisha vaselini kabla mkono haujakauka kabisa. Usiku napaka nyingi zaidi na kuvaa glavu za pamba. Asubuhi ya kupanda sigusi mafuta, maana yatateleza na kunitupa chini. Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi likiwa kila mahali, napanda mara chache. Vyombo naosha na glavu za mpira. Dada yangu anadai ekzema hii ilibuniwa kwa ajili ya sufuria, na kuna siku nakaribia kukubaliana naye.

Nyufa zikishafunguka, hata hivyo, hakuna vaselini wala plasta itakayokupandisha. Plasta inabanduka kwenye lava mara moja, na damu inabaki kwenye jiwe la wenzako. Unapumzika mpaka ngozi ifunge.

Kwa hiyo Jumamosi sipandi. Nitawashikia wenzangu kamba chini, na glavu za ngozi. Wamekubali, kwa sharti kwamba bidoni la maji nalibeba mimi.