Anataka Tu Kukwepa Kufua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipaa kwa ajili ya binti anayenisaidia kazi nyumbani. Jumapili, mikono ikiwa bado ina povu, aliniomba ruhusa ya kwenda mafundisho ya ubatizo, Jumamosi saa nane. Nikamjibu bila kumtazama: "Wewe unataka tu kukwepa kufua." Akanyamaza, akaendelea kusuuza sufuria.

Jumatano nikasoma habari za Waholanzi walipotawala panapoitwa leo New York. Mchungaji wao, Henricus Selijns, alihubiri Breuckelen (Brooklyn ya leo) na jioni shambani kwa gavana Stuyvesant, kulikokuwa na watumwa 40. Mwaka 1664 aliwaandikia wakuu wa kanisa huko Amsterdam kwamba watumwa wanaomba watoto wao wabatizwe, naye amewakatalia. Sababu? Imani yao haba, tena shida yao ni kuwatoa watoto utumwani, si utauwa.

Nikaifunika simu. Yalikuwa maneno yangu yale yale.

Na wazazi wale hawakuota tu. Kwenye Sinodi ya Dordrecht, mkutano mkuu wa kanisa huko Uholanzi, 1618, walikuwapo waliosema mtumwa aliyebatizwa asiuzwe tena. Huko Rasi ya Tumaini Jema, koloni la Waholanzi kusini mwa Afrika, amri ya namna hiyo ilipotoka mwaka 1770, mabwana wengi waliona heri wasiwapeleke watumwa kanisani kabisa. Mfuko ulijua teolojia kuliko mimbari!

Sasa wapendwa, mzazi asiyetaka mwanawe auzwe, hiyo ndiyo nia mbaya? Bartimayo alitaka macho. Yule mama wa miaka 12 ya kutokwa damu alitaka kupona. Nani kati yetu alimjia Yesu bila shida ya mwili? Mimi nilikuja na mtoto mgonjwa mgongoni, na hakuna aliyenihoji mlangoni. Paulo alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa", tena "katika mwili na katika Bwana." Katika mwili! Hapo ndipo tunaporuka mstari.

Akina mama wenzangu, tunawahi ibada ya kwanza na vitenge vipya, nyumbani tumemwacha mtu na maharage jikoni. Unajua yeye anasali wapi? Umewahi kumwuliza? Usiniambie hajaomba, pengine aliomba siku moja ukamjibu kama mimi.

Nilimwomba msamaha Alhamisi usiku. Alicheka kwa aibu, akauliza kama avae gauni la bluu.

Jana saa nane alikwenda. Shuka mbili bado zimo kwenye beseni, namalizia sasa hivi.