Tangi la maji ya sinki chini ya Shasta ya mwaka 1962

Trela letu la Shasta, kijumba cha kuburuta na gari kwenda kupiga kambi, lilitoka kiwandani mwaka 1962 likiwa na sinki, jiko la gesi, sanduku la barafu na yale mabawa mawili ya bati mgongoni, ambayo huwafanya wazee wa Kimarekani wanisimamishe kituo cha mafuta na kuanza kunihadithia likizo za utotoni mwao. Tangi la maji machafu halikuwemo. Ukitoa kizibo cha sinki, maji yanashuka kwenye bomba fupi, yanapita sakafuni na kumwagika kwenye majani. Trela nyingi za wakati ule zilikuwa hivyo. Hata Airstream nyingi za miaka ya 1960, trela za wenye nazo, zilikuwa na tangi la choo tu. Maji ya sinki na ya bafu yalikwenda zake ardhini.

Siku hizi hilo halipo. Hifadhi za Taifa za Marekani zinakataza kumwaga maji ya trela popote isipokuwa sehemu iliyotengwa, na kambi tunazokwenda huku Minnesota hazina mchezo na jambo hilo. Sababu yenyewe naielewa. Osha sufuria ya pilau, maji yaende chini ya trela, halafu lala. Rakuni, wale wanyama wadokozi wa usiku, watafika kabla hujapata usingizi, na ukiwa kaskazini huku hata dubu mweusi anaweza kupita kuuliza kulikoni.

Wenye trela za zamani wengi wanatega ndoo chini ya bomba. Tatizo la ndoo ni kwamba iko nje na wewe uko ndani, kwa hiyo unaosha vyombo huku unajiuliza imejaa au bado. Wengine wananunua lile tangi la bluu lenye magurudumu, wanalisukuma chini ya bomba, likijaa wanaliburuta hadi kituo cha kumwagia. Sina ugomvi nalo. Ni rahisi, hutoboi kitu, na kama trela lako unalitumia mara chache kwa mwaka ningekushauri uishie hapo. Baba Rehema ndiye aliyelichukia, kwa sababu wakati wa kurudi nyumbani linapanda nyuma ya pikap pamoja na viti na jiko la mkaa, na harufu yake haina adabu.

Basi nikaamua tangi la kudumu, chini ya sakafu.

Ukubwa haukunisumbua. Tangi letu la maji safi, lile la chini ya kiti, ni la galoni 12. Tangi la maji machafu lisipungue hapo. Likizidi kidogo, ndiyo salama. Maji yote yaliyomo ndani ya trela yakishuka, lazima yapate pa kukaa. Nikachagua la galoni 15, na hapo ndipo tepu ya kupimia ikaanza kutumika, kwa sababu chini ya trela hili nafasi ni ya kugombania. Kuna vyuma vya chesisi pande mbili, kuna vya kukatiza, kuna bomba la gesi, kuna nyaya za breki na taa, na kuna ekseli. Tangi halitakiwi kuning'inia chini kuliko ekseli, maana jiwe ama tuta litakalopita chini ya ekseli ndilo litakalokutana na plastiki yako. Nilichopata ni mraba wa inchi 24 kwa 24, kimo inchi 6. Ukizidisha na kugeuza kuwa galoni, unapata 15 bila chenji. Nilifurahi peke yangu pale chini, nimelala juu ya kadibodi.

Uzito wake ni jambo la kufikiriwa vilevile. Galoni moja ya maji ni karibu ratili 8.3, kwa hiyo galoni 15 ni ratili 125 hivi, kama kilo 57. Ukiziweka nyuma kabisa ya trela dogo lenye ekseli moja, unanyanyua ulimi wake kule mbele, kile chuma kinachoungana na gari, na trela lenye ulimi mwepesi huyumba barabarani hadi likuburute. Kanuni inayotumika ni kwamba ulimi ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Bahati yetu sinki liko ubavuni, mbele kidogo ya ekseli, kwa hiyo tangi lilikaa mbele ya ekseli na ulimi ukazidi uzito kidogo badala ya kupungua.

Kulining'iniza nilitumia vyuma vya engo, viwili chini ya tangi, vimefungwa kwa bolti kwenye chesisi kulia na kushoto. Nilitoboa kwenye ubavu wa chuma cha chesisi, katikati ya kimo chake, sikugusa ukingo wa juu wala wa chini, kwa sababu kingo hizo ndizo zinazobeba mzigo chuma kinapopinda. Kati ya engo na tangi nikalaza raba nene ili chuma kisisugue plastiki. Nimeona picha za watu walioning'iniza matangi kwa ile mikanda ya bati yenye matundu ambayo mafundi bomba hufungia mabomba darini. Mkanda ule ni wa bomba. Kilo 57 zinazorukaruka kwenye mashimo ya barabara ni habari nyingine.

Sasa tufike kwenye hewa, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Nilichora mchoro, nikaupiga picha na kumtumia mjomba wangu Tanga, ambaye amekuwa fundi bomba tangu sijazaliwa. Nikaandika: shikamoo mjomba, naomba uniangalizie hapa. Akanipigia simu palepale.

"Marahaba mama. Hili tangi linapumulia wapi?"

Nikamweleza kwamba huku madukani kuna valvu ndogo ya hewa, unaifunga chini ya sinki, hakuna haja ya kupeleka bomba juu ya paa. Akauliza inafanyaje kazi. Nikamwambia inafunguka maji yanapovuta, hewa inaingia, halafu inajifunga ili harufu isitoke.

"Kwa hiyo inaingiza tu?"

"Ndiyo."

"Na hewa iliyomo tangini, maji yakiingia, inatokea wapi?"

Nikanyamaza. Akaniambia nichukue mkebe wa maziwa, nitoboe tundu moja, nijaribu kumimina chai ya watu wanne. Kila aliyekulia kwetu anajua kwamba mkebe hutobolewa matundu mawili.

Ndivyo ilivyo. Valvu ile inafaa nyumbani, ambako bomba linaelekea kwenye mfereji mkubwa wenye njia nyingine za hewa. Tangi lililofungwa pande zote ni kitu kingine. Kila lita ya maji inayoingia inasukuma lita moja ya hewa, na valvu ikisukumwa kutoka ndani ndiyo kwanza inakaza. Hewa haina pa kwenda ila kurudi kwenye bomba la sinki na kukubwatukia usoni ikiwa na harufu yote ya vyombo vya jana. Wakati wa kumwaga valvu ingesaidia, kwa sababu hapo tangi linavuta hewa. Lakini nusu ya kazi si kazi.

Kwa hiyo bomba la hewa lilipaswa kwenda juu, na juu kuna paa.

Asiyewahi kumiliki trela la mbao na bati la miaka hiyo hataelewa woga huu. Haya matrela hayafi kwa kutu wala injini, maana injini hayana. Yanauawa na maji ya mvua yanayoingia kwenye tundu moja dogo, yanalowesha mbao ndani ya ukuta usikoona, na siku unagundua, kona nzima inabonyea kwa kidole. Letu tulilinunua likiwa limeoza kona ya nyuma, na Baba Rehema alitumia kiangazi kizima kubadilisha mbao. Nilipomwambia nataka kutoboa paa aliweka kikombe chini akanitazama tu.

Nilipitisha bomba ndani ya kabati la nguo lililo jirani na sinki, ili lisionekane. Kwanza nikagonga dari kwa kifundo cha kidole kutafuta mbao zilipo, kwa sababu tundu halitakiwi kukata mbao ya paa. Kisha nikatoboa kwa drili nyembamba kutoka ndani kwenda nje, nikapanda ngazi, na pale ncha ilipochungulia juu ya bati ndipo nikaweka msumeno wa duara. Bati lile ni jembamba, linakatika kwa sekunde chache. Chini yake kulikuwa na sufi ya manjano iliyosinyaa, halafu ubao wa dari, ule wa mbao ya mti wa birch wenye rangi ya asali, na kwa mwanga wa jua nikaona ndani ya kabati moja kwa moja hadi kwenye viatu vya Rehema.

Kwenye kuziba sikubania. Mkanda mnene wa butili, ile raba laini inayonata, chini ya kofia ya bomba, skrubu kuzunguka, butili ikajiminya kote ukingoni, na juu yake ule utomvu wa kuzibia mapaa ya trela ambao unajitandaza wenyewe. Silikoni ya dukani niliikataa. Inashika vizuri mwanzoni, lakini siku ikiachia, hakuna kitakachokubali kushika tena juu ya mabaki yake, na kuyakwangua kwenye bati la zamani ni adhabu.

Mabomba ya chini ni yale meusi ya plastiki ya inchi moja na nusu. Mteremko unaotakiwa ni robo inchi kwa kila futi. Kwetu kutoka sinki hadi tangi ni futi nne, kwa hiyo inchi moja tu ya kushuka. Inasikika ndogo mpaka uitafute chini ya trela lenye inchi 6 za tangi na ekseli inayokusubiri.

Mtego wa maji chini ya sinki, lile bomba lililopinda linalobakiza maji ya kuzuia harufu, sikuuweka. Barabarani maji yale hutikisika na kumwagika, ukifika kambini mtego ni mkavu na harufu imeingia kwenye matandiko. Zipo valvu za bomba lililonyooka ambazo ndani zina ulimi wa mpira: maji yakishuka unafunguka, yakiisha unajibana wenyewe. Haihitaji maji, kwa hiyo hata baridi haina cha kugandisha mle.

Tangi lenyewe ni la polithini, na polithini haishiki gundi yoyote ya maana. Usijaribu kubandika kiungo cha bomba kwa gundi ya mabomba meusi, kitatoka na mkono wako. Unamwachia mtengenezaji ayeyushie viungo mahali unapotaka kabla hajakutumia, au unatoboa na kutumia pete nene za raba zinazobana bomba zenyewe. Mimi nilichora na kuagiza. La kwanza lilikuja na tundu la kutolea maji upande usio wake, likarudi lilikotoka, na majira ya kuchipua yakaenda hivyo.

Kwenye tundu la kutolea kuna valvu ya kuvuta, na mbele yake kipunguzo kinachopokea ule mpira mkubwa wa inchi tatu ambao kila kituo cha kumwagia kimeuzoea. Kabla ya kuondoka nyumbani tulijaza tangi hadi juu, tukatandaza magazeti chini yake usiku kucha. Asubuhi yalikuwa makavu.

Gharama nilimtajia mjomba, naye akasema kwa hela hiyo angenichimbia karo zima na bado abaki na ya vocha.

Matumizi hayana mambo mengi. Mafuta ya sufuria nayafuta kwa karatasi kabla ya kuosha, na kichujio cha sinki hakitoki. Kifaa cha kuonyesha kiasi kilichomo sijaweka, kwa sababu mafuta hugandia kwenye vile vipimo vya ndani na vinaanza kusema uongo. Kila tunapojaza la maji safi, tunamwaga la maji machafu. Galoni 12 haziwezi kufurika kwenye 15. Hesabu hiyo inavunjika tu ukiunganisha mpira wa maji ya kambi moja kwa moja kwenye trela, kwa sababu mpira ule hauna mwisho. Hapo wenyewe tunakagua.

Majira ya baridi ndiyo mtihani wa huku. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na tangi au valvu iliyobakiwa na maji hupasuka kimya kimya hadi uje uione Aprili. Mwezi wa kumi tunamwaga, tunaacha valvu wazi hadi litoneke lote, tunafunga, tunamimina kwenye sinki ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda. Ya waridi, ya trela. Ile ya kijani ya rejeta za magari ni sumu, na haifai kupita kwenye bomba la jikoni wala kumwagwa kituoni.

Kilichobaki ni bati la kulikinga tangi na mawe upande wa mbele. Nina kipande cha alumini, sijaamua nikipinde vipi bila kuziba njia ya kufikia bolti. Mwenye Shasta ya miaka hiyo aliyeshafanya, anitumie picha.